Ngano Yangu, Bodi Yetu

Haya ni maneno niliyoyasema Ijumaa jioni kwenye kikao chetu cha sauti. Waliochelewa waliomba niyaandike, kwa hivyo nimeyaweka hapa karibu vile yalivyotoka, nikaondoa tu zile "mnanisikia?" Sheria ya uzi huu mnaijua: hakuna jina la mwanasiasa, hakuna jina la chama. Ukilitaja kwa maoni nafuta, hata kama unamsifu.

Basi. Kila msimu wa kuvuna mahindi, mjadala wetu huwa ni ule ule. Mmoja anasema serikali inunue mahindi yote kwa bei nzuri. Mwingine anasema serikali iondoke sokoni, mkulima auze anapotaka. Wa tatu anaingia na matusi, tunazima simu tunalala. Kinachonisumbua mimi ni kwamba pande zote mbili hutumia neno "mkulima" kana kwamba ni mtu mmoja. Ati "mkulima anataka hivi". Mkulima yupi? Mwenye ekari mbili ambaye lazima auze wiki ya kuvuna kwa sababu ya karo, au mwenye ekari mia tano na ghala lake, ambaye anaweza kungoja hadi Mei bei ipande?

Ndiyo maana leo nawapeleka mbali kidogo, hadi Kanada. Huko wakulima wa ngano na shayiri walibishana wao kwa wao kwa miongo kadhaa kuhusu swali moja: je, bodi ambayo sheria inawalazimisha wote kuuza kupitia kwake iendelee, ama ife? Walibishana kwenye mikutano, mahakamani, kwenye kura, na wengine walifika jela. Bodi iliisha tarehe 1 Agosti 2012. Kwa hivyo tunaweza kuangalia mambo yalivyokuwa kabla na yalivyokuwa baada, kitu ambacho katika siasa hatukipati mara nyingi.

Kwanza muelewe bodi yenyewe. Iliitwa Bodi ya Ngano ya Kanada, makao yake yalikuwa Winnipeg. Ilihusu majimbo ya magharibi ambako ngano ndiyo maisha: Alberta, Saskatchewan, Manitoba na kipande kidogo cha British Columbia. Ukilima ngano huko, au shayiri, na unataka iuzwe nje ya nchi au iende kwa chakula cha watu ndani ya nchi, mnunuzi wako ni mmoja tu: bodi. Chakula cha mifugo cha soko la ndani ungeweza kumuuzia yeyote. Mazao mengine kama kanola, ile mbegu ya mafuta ya kupikia, yalikuwa huru kabisa. Hii ya kanola mkumbuke, nitairudia.

Malipo yalikuwaje? Kama umetoka eneo la majani chai utaelewa haraka kuliko mimi. Unapeleka mazao, unapewa malipo ya kwanza, halafu mwaka ukiisha na kila kitu kimeuzwa, unapata bonasi. Bodi ilifanya vivyo hivyo. Ngano yote ya daraja moja iliingia kwenye chungu kimoja, ikauzwa mwaka mzima duniani, na pesa zikagawanywa kwa kila tani sawasawa, ukitoa gharama. Aliyepeleka Oktoba na aliyepeleka Machi wote walipata bei ile ile ya wastani. Malipo ya kwanza yalidhaminiwa na serikali. Yaani bei ya dunia ikianguka chini ya kile mkulima alichokwisha kulipwa, hazina inabeba hasara, mkulima harudishi kitu.

Kwa masikio ya mtu wa ekari mbili hiyo ni habari njema. Kwa masikio ya mtu anayefuatilia bei za Chicago na Minneapolis kila asubuhi na anaamini anaweza kuuza siku ambayo bei iko juu, huo ni wizi wa kistaarabu. Na tafadhali, wote wawili wana akili timamu.

Sasa lazima ilitoka wapi? Hapa ndipo historia inakuwa tamu. Katika miaka ya 1920 wakulima hao hao walianzisha vyama vyao vya ushirika vya kuuza ngano pamoja, kwa hiari. Mwaka 1929 uchumi wa dunia ukaporomoka, bei ikafa, na vyama vikazama kwenye madeni kwa sababu vilikuwa vimewalipa wanachama kuliko ngano ilivyokuja kuuzwa. Mwaka 1935 serikali ikaunda bodi. Lakini ilikuwa ya hiari! Ukitaka unauzia bodi, usipotaka unauzia mfanyabiashara. Na kilichotokea mtu yeyote aliyewahi kuwa kwenye chama anaweza kukibashiri. Bei ya soko ikiwa juu ya malipo ya bodi, watu wanakimbilia sokoni. Bei ikianguka, wote wanarudi kwa bodi na magunia. Bodi ikawa ndoo ya kukinga maji ya mvua mbaya peke yake, na hasara ikaishia kwa hazina.

Kisha vita. Mwaka 1943, katikati ya Vita vya Pili vya Dunia, bei ya ngano ilianza kupanda, na serikali ikafanya bodi kuwa ya lazima. Angalieni sababu: serikali ilitaka bei isipande sana, na ilitaka kuwa na uhakika wa ngano ya kupeleka Uingereza. Maneno ya "kumlinda mkulima" yalipata nguvu baadaye, wakulima wengi walipoona kwamba kwa amani pia mfumo unawafaa. Chombo kilichotengenezwa ili kumbana mkulima kikageuka ngome yake. Mtu akikwambia nia ya mwanzo ya taasisi fulani ilikuwa nzuri au mbaya, kwa hivyo taasisi yenyewe ni nzuri au mbaya, mkumbushe hiyo ngano ya 1943.

Na sisi hapa? Karibu wakati ule ule. Mwaka 1942 serikali ya kikoloni ya Kenya ilianzisha udhibiti wa mahindi, sababu ikiwa ile ile ya vita. Tofauti ni kwamba hapa udhibiti ulikuwa na rangi: mlowezi wa kizungu alilipwa bei ya juu kuliko Mwafrika kwa mahindi yale yale. Uhuru ulipokuja, walowezi wengi waliondoka lakini udhibiti ukabaki. Bodi zikaunganishwa na kubadilishwa majina, hadi mwaka 1979 tukapata Bodi ya Taifa ya Nafaka na Mazao, hii tunayoijua, ambayo ilipewa sheria yake 1985. Kuhamisha mahindi kutoka wilaya moja hadi nyingine kulihitaji kibali. Babu yangu upande wa mama alikuwa na hadithi moja aliyopenda kuirudia, ya magunia matatu ya mahindi aliyowapelekea wakwe zake usiku chini ya makaa, kwa sababu kizuizini kulikuwa na askari na kibali hakikuwepo. Mahindi yake. Ya shamba lake. Sisi wajukuu tulicheka, yeye hakuwa anacheka.

Nimemtaja mzee kwa sababu nataka muwaelewe wakulima kumi na watatu wa Alberta. Miaka ya tisini, baadhi ya wakulima walichoka kutazama ng'ambo ya mpaka. Mmarekani wa Montana, jirani yako kabisa, udongo ule ule, anauza ngano yake kwa ghala lolote analotaka. Wewe ukitaka kuvuka na ngano yako unahitaji leseni, na ili uipate ni lazima kwanza uiuzie bodi kwa karatasi halafu uinunue tena kutoka kwa bodi kwa bei ambayo bodi inasema ndiyo ya soko la huko. Unanunua ngano yako mwenyewe! Kwa hivyo wakapakia malori wakavuka bila leseni. Mmoja alivuka na kipimo kimoja kidogo tu cha ngano, kitu cha kubeba kwenye gari la kawaida, akaitoa zawadi kwa kikundi cha vijana wa kilimo huko Montana. Walipigwa faini, wakakataa kulipa, na Oktoba 2002 wakaingia jela Lethbridge, familia zao zikiwa nje zinalia na kamera zinapiga picha.

Hebu tuwe wakweli: hilo lilikuwa tendo la siasa lililopangwa vizuri. Lakini hoja yao ni nzito. Na walikuwa na nyingine nzito zaidi. Wakulima wa ngano wa jimbo la Ontario, mashariki, walikuwa na bodi yao tofauti, na mwanzoni mwa miaka ya 2000 bodi hiyo iliacha kulazimisha. Sasa mkulima wa Saskatchewan akauliza: nchi moja, zao moja, kwa nini mwenzangu wa mashariki ni mtu mzima na mimi ni mtoto? Na ile kanola niliyosema mkumbuke: mkulima yule yule anayeambiwa hawezi kuuza ngano peke yake alikuwa anauza kanola peke yake kila mwaka, na hakufa.

Upande wa pili ulijibu nini? Walisema tazama nani ananunua. Ukiondoa bodi hubaki wewe na "soko". Unabaki wewe na kampuni chache sana za nafaka zenye maghala, na kampuni mbili za reli. Kutoka Saskatchewan hadi bandari ya Vancouver ni zaidi ya kilomita 1,500. Ni kama kutoka Mombasa hadi Malaba, halafu urudi zaidi ya nusu ya njia. Huwezi kubeba ngano hiyo kwa pikipiki. Bodi ilikuwa muuzaji mmoja mkubwa, kwa hivyo ilipozungumza na reli, reli ilisikiliza. Ilipozungumza na wanunuzi wa nje, hakukuwa na mkulima mwingine wa kando wa kuwashushia bei. Nguvu yake yote ilikuwa kwenye hilo neno "wote". Mmoja akitoka, wa pili anatoka, na umerudi 1935.

Hapa ndipo nataka tukae kidogo, manake hapa ndipo mijadala yetu huvunjika. Wanasiasa wa Kanada waliotaka mabadiliko walikuwa na jibu la kupendeza: "Hatutaki kuua bodi. Tunataka mkulima achague. Anayetaka bodi abaki, anayetaka soko aende." Nani anaweza kupinga uchaguzi? Ni kama kupinga maji ya kunywa. Lakini kama nguvu ya kitu inatokana na wote kuwa ndani, basi ukisema kibaki huku kila mtu akiruhusiwa kutoka, umekiondolea kile kitu na kubakisha jina. Bodi hii haikuwa na maghala yake ya kupokelea ngano. Ikishindana na kampuni zenye maghala, ingebidi iombe nafasi kwenye maghala ya washindani wake. Wakulima waliounga mkono bodi walilisema hili waziwazi kwa miaka, na nadhani walikuwa sahihi.

Lakini ona pia udhaifu wao. Hoja ya "wote au hakuna" ina maana kwamba anayetaka kutoka hana mlango, hata kama ana sababu nzuri. Unamwambia: uhuru wako unanigharimu mimi, kwa hivyo hutapewa. Ukiwa na asilimia 80 nyuma yako, labda unaweza kusema hivyo ukalala. Ukiwa na 51 je?

Nimefika kwenye kura. Mwaka 1998 sheria ilibadilishwa. Bodi ikapewa wakurugenzi 15, kumi wakichaguliwa na wakulima wenyewe na watano wakiteuliwa na serikali. Na kukawekwa kifungu kwamba waziri asilete bungeni mswada wa kuondoa zao kwenye mfumo wa lazima kabla ya kushauriana na bodi na wakulima kupiga kura. Mnaona uzito wake? Kabla ya hapo ungeweza kusema hii ni bodi ya serikali. Baada ya hapo ilikuwa nusu yao, hata zaidi ya nusu.

Mwaka 2006 ikaingia serikali iliyokuwa imeahidi kumaliza lazima. Mwaka 2007 ikaitisha kura ya wakulima wa shayiri, na karatasi ikawa na majibu matatu. Bodi ibaki muuzaji pekee: asilimia 37.8. Mkulima awe na uchaguzi, bodi ikiwepo kama mmoja wa wanunuzi: asilimia 48.4. Bodi isihusike tena na shayiri kabisa: asilimia 13.8. Serikali ikajumlisha mbili za mwisho ikatangaza asilimia 62 wanataka mabadiliko. Upande wa bodi nao ukajumlisha mbili za kwanza ukasema asilimia 86 wanataka bodi iwepo! Karatasi zile zile, hesabu zote mbili ni sahihi. Kwa wale mnaosoma mambo ya uchaguzi, hiki ni kisa cha kuweka kwenye daftari: anayeandika swali ameshapiga kura kabla yako. Serikali ikajaribu kubadilisha kwa kanuni tu bila kupeleka sheria bungeni, na Julai mwaka huo mahakama ikakataa.

Mei 2011 serikali ile ile ikapata wabunge wa kutosha kupitisha chochote. Ikasema sasa tunaondoa lazima, ngano na shayiri zote. Kura ya wakulima? Haikuitisha. Bodi ikaamua kuendesha kura yake yenyewe. Waliorudisha karatasi walikuwa asilimia 56. Kwa ngano, asilimia 62 walitaka mfumo wa muuzaji mmoja ubaki. Kwa shayiri, asilimia 51. Serikali ikasema kura hiyo haina nguvu, uchaguzi mkuu ndio uliokuwa kura. Desemba 7 jaji akatoa uamuzi kwamba waziri amekiuka sheria kwa kutowauliza wakulima. Mswada ukaendelea hivyo hivyo, na Desemba 15 ukawa sheria. Wakurugenzi waliochaguliwa na wakulima wakaondolewa siku sheria ilipoanza kufanya kazi, wakabaki wale wa kuteuliwa. Katikati ya 2012 mahakama ya rufaa ikaupindua uamuzi wa yule jaji, na hoja ilikuwa nzito kwa mwanafunzi kama mimi: bunge la leo haliwezi kufungwa mikono na bunge la jana kirahisi hivyo.

Kwa hivyo nani alikuwa na haki? Nitasema ninavyoona, halafu mnipinge. Nadhani serikali ilikuwa na uwezo wa kisheria wa kufanya ilichofanya. Lakini uchaguzi mkuu watu hupigia mambo ishirini kwa wakati mmoja, na wengi wa waliopiga hawajawahi kushika jembe. Kusema kwamba mtu wa mjini aliyepigia kodi na hospitali ameamua pia jinsi ngano ya Saskatchewan itauzwa, hapana. Na nina ubishi wa pili na upande wa bodi: kura yao ilikuwa mkulima mmoja kura moja. Mwenye shamba dogo la kustaafia na mwenye shamba linalojaza treni walikuwa sawa. Kwa uchaguzi wa bunge hiyo ni sawa kabisa. Kwa kuamua mali ya mtu iuzwe vipi, najua kwa nini yule wa treni alikasirika. Sina jibu safi hapo. Kura kwa tani ingewapa wakubwa kila kitu, kura kwa kichwa inawapa wadogo mamlaka juu ya mali ya wakubwa. Chama chochote cha ushirika hapa Kenya kinalijua tatizo hilo, hata kama hakijaliandika.

Tarehe 1 Agosti 2012 ikafika. Wale wakulima waliofungwa jela walisamehewa rasmi siku hiyo hiyo. Mwaka wa kwanza ulikuwa mzuri: Marekani ilipigwa na ukame mkali, bei za nafaka zikapanda dunia nzima, na kila mtu akasema umeona? Mimi ningewaomba wasubiri. Bei ya dunia ikipanda, mfumo wowote unaonekana una akili.

Mwaka wa pili ndio mtihani. Mwaka 2013 mvua ilinyesha vizuri na Kanada ikavuna ngano kama haijawahi: tani milioni 37.5, wakati mwaka uliotangulia ilikuwa karibu milioni 27. Kisha baridi kali ikaja, ile ambayo treni zinalazimika kuwa fupi na kwenda polepole. Ngano ikajaa kwenye maghala ya mashambani. Vancouver meli zikangoja baharini bila mzigo huku zikilipiwa siku za kungoja. Na bei ikafanya kitu cha ajabu: bandarini ilikuwa nzuri, shambani ilianguka. Pengo kati ya bei mbili hizo likapanuka kuliko watu walivyozoea. Machi 2014 serikali ile ile iliyosema iache soko lifanye kazi ikaamuru kila moja ya kampuni mbili za reli isafirishe tani 500,000 kwa wiki, la sivyo faini. Mei ikapitisha sheria.

Je, bodi ingezuia hilo? Waliokuwa upande wake walisema ndiyo. Waliokuwa upande mwingine walisema mavuno makubwa hivyo yangezidi mfumo wowote. Nimelifikiria sana hili. Bodi isingeongeza behewa hata moja, na isingepasha joto reli. Hapo wapinzani wako sawa. Lakini lile pengo la bei, pesa za katikati, zilienda wapi? Zilibaki kwa mwenye ghala na nafasi ya kupitisha mzigo. Chini ya bodi, ngano iliyouzwa bandarini kwa bei nzuri ingeingiza bei hiyo nzuri kwenye chungu, na chungu ni cha wakulima. Ngano ingechelewa vile vile, lakini kuchelewa kusingekuwa faida ya mtu wa kati.

Na bodi yenyewe? Iliendelea kama kampuni ya hiari kwa muda, kisha mwaka 2015 asilimia 50.1 yake ikachukuliwa na ubia wa wawekezaji wawili kwa dola za Kanada milioni 250 zilizoingizwa kwenye biashara. Mmoja ni Bunge, kampuni ya kimataifa ya nafaka (ndiyo, linaitwa hivyo, msinitumie vichekesho). Wa pili ni kampuni ya uwekezaji wa kilimo ya serikali ya Saudi Arabia. Sehemu iliyobaki iliwekwa kwenye amana kwa ajili ya wakulima wanaopeleka nafaka huko. Yaani waliopigana miaka mingi kuitoa serikali kwenye ngano yao waliishia kuona serikali ya nchi nyingine ikiwa na mkono ndani. Silisemi kwa kejeli, maghala mapya yamejengwa na ushindani kwenye baadhi ya sehemu umeongezeka. Nasema tu hakuna aliyepiga kura kwa ajili ya hilo.

Rudini nyumbani sasa. Lazima yetu iliisha mwishoni mwa 1993, vizuizi vya kuhamisha mahindi vilipoondolewa. Kulikuwa na shinikizo la miaka mingi kutoka Benki ya Dunia na wafadhili wengine. Hakuna mkulima wa Trans Nzoia aliyeletewa karatasi ya kura, si yenye majibu mawili, si yenye matatu. Babu yangu alifurahi, na alikuwa na haki ya kufurahi, hakuna tena kuficha magunia chini ya makaa. Lakini aliyekuja shambani kwake baada ya hapo hakuwa "soko". Alikuwa broka mwenye lori, mmoja, labda wawili, na mizani yake mwenyewe.

Na tofauti kubwa na Kanada ni kwamba hapa serikali iliondoka mlangoni ikarudi kupitia dirishani. Bodi yetu hailazimishi tena, lakini bado hutangaza bei ya gunia la kilo 90 na hununua kiasi fulani, na kila mtu hungoja kusikia ni shilingi ngapi. Uagizaji wa mahindi kutoka nje hufunguliwa na kufungwa kwa amri, na mara nyingine hufunguliwa wakati mahindi ya hapa yako shambani. Kwa hivyo mkulima wetu hana bodi yenye nguvu ya "wote", na hana soko ambalo anaweza kulikadiria. Anabeba hatari za mifumo yote miwili. Mtu akisema "soko huria limeshindwa Kenya" au "bodi imeshindwa Kenya", mimi huuliza ni lini tumewahi kujaribu moja bila nyingine kuivuta shati.

Mwishoni mwa kikao dada mmoja aliniuliza swali ambalo nimelipenda: "Wewe ungekuwa mkulima wa Saskatchewan 2011, ungepiga kura gani?" Nilimjibu hivi. Shayiri, hasa ya kutengenezea pombe, ningepiga itoke. Soko lake ni dogo, wanunuzi wanataka ubora maalum na mikataba na mkulima mmoja mmoja, na asilimia 51 si msingi wa kumfunga mtu. Ngano ningepiga ibaki, lakini kwa muda: hadi sheria ya reli ipite kwanza, ile ile waliyokuja kuipitisha mbio mbio Mei 2014 ngano ikiwa tayari imekwama. Baada ya hapo wakulima wapige kura tena. Akaniambia, "Na hapa kwetu?" Nikamwambia hapa kwetu kwanza nataka kujua ni wakulima wangapi katika kata yake wana mahali pakavu pa kuweka mahindi hadi Machi. Akasema kwa mamake ni kibanda cha mabati, na mwaka jana panya na unyevu walikula magunia manne kabla ya broka kufika. Hapo muda wetu ukaisha. Waliobaki na maswali wayaandike hapa chini, nitajibu nikitoka darasani.